Mbweha Uani: Dalili, Chanzo na Cha Kufanya kwa Tunaoishi Uingereza

Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa akipata nyumba yenye kibustani nyuma, iwe Lewisham, Bristol au Leicester, hachelewi kugundua kwamba usiku ule ua una mwenyewe mwingine. Miche ya nyanya imefukuliwa, kandambili moja haipo, na mlangoni kuna kinyesi ambacho si cha paka. Huyo ni mbweha mwekundu, mnyama wa kilo 5 hadi 7 hivi. Amemzidi paka wa nyumbani kidogo tu, ingawa manyoya ya majira ya baridi humfanya aonekane mkubwa kuliko alivyo.

Hajapotea njia kutoka msituni. Mbweha walianza kuzoea vitongoji vya miji ya kusini mwa Uingereza miaka ya 1930, nyumba zenye bustani ndefu zilipojengwa kwa wingi kuizunguka London, na tangu hapo wanazaliana humo humo mjini. Zamani mamlaka za London ziliajiri watu wa kuwaua, kisha zikaacha, kwa sababu eneo likibaki wazi mbweha kijana mwingine hulishika. Kwa hiyo swali la "nitamwondoaje?" mimi naliweka kando. Swali lenye jibu ni hili: kwangu anafuata nini?

Kabla hujatafuta chanzo, tazama kwanza ni mwezi gani. Desemba hadi Februari ni msimu wa kupandana. Mimba huchukua siku 52 au 53, kwa hiyo watoto, kwa kawaida 4 au 5, huzaliwa Machi na mwanzoni mwa Aprili. Mwishoni mwa Aprili hutoka shimoni, na Mei hadi Julai hucheza na kuharibu. Kuanzia Septemba vijana huanza kutawanyika kutafuta maeneo yao. Dalili ile ile, tuseme shimo chini ya kibanda, ina jibu moja Oktoba na jibu jingine kabisa Aprili, na anayekosea mwezi anaweza kujikuta amevunja sheria.

Usiku wa manane kuna mtu anapiga mayowe

Januari, saa 8 za usiku, unasikia sauti ya mwanamke anayechinjwa. Wapo waliopiga simu polisi, na wapo waliowasha ubani wakijua ni majini. Ni mbweha. Jike hupokea dume kwa siku tatu hivi tu kwa mwaka, kwa hiyo wiki zile huwa za kuitana na kugombana, na dume naye hupiga mayowe wakati mwingine. Ukisikia vibweko vitatu vifupi vinavyofuatana, kisha kimya, kisha vitatu tena, hiyo ni salamu ya mbweha kwa mwenzake wa mbali.

Tiba hapa hakuna. Funga dirisha, subiri Februari iishe. Kelele za Juni ni nyingine: hizo ni za watoto wanaogombea chakula, na ukizisikia kila usiku mahali pamoja, pango liko karibu na kwako au kwa jirani.

Mashimo kwenye nyasi na kwenye matuta

Hapa ndipo watu hutupa pesa bure, kwa kununua dawa ya kufukuza kabla ya kulisoma shimo. Shimo linasema.

Vishimo vidogo vingi, vyembamba kwenda chini, vya kina cha sentimita chache, vimetapakaa kwenye nyasi: mbweha anatafuta minyoo ya ardhini na mabuu. Usiku wa mvua usio na baridi kali minyoo hupanda juu, na mbweha mmoja aweza kula mingi sana bila kuchimba kabisa. Mashimo yakizidi, hasa vuli, chukua koleo, kata mraba wa nyasi na uufunue. Mabuu meupe yaliyojikunja, yenye kichwa cha kahawia, ni ya mbawakawa, nayo hula mizizi ya nyasi. Mabuu ya rangi ya kijivu yasiyo na miguu ni ya inzi yule mwenye miguu mirefu anayegonga taa za ndani mwezi wa Septemba. Mbweha anakusaidia kuyapunguza, kwa njia mbaya tu. Maduka ya bustani huuza minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo huchanganywa na maji na kumwagiliwa kwenye nyasi ili iyaue mabuu hayo. Mwagilia mwishoni mwa Agosti au Septemba, udongo ukiwa na unyevu na joto la kuanzia nyuzi 12. Ukiimwaga Desemba umemwaga maji. Pia soma boksi vizuri, maana ya mabuu ya mbawakawa siyo ile ya mabuu ya inzi.

Ukikuta nyasi zimeviringishwa vipande vikubwa kama jamvi lililokunjwa baada ya arusi, mshukiwa si mbweha bali nyegere wa Ulaya, mnyama mzito mwenye mistari usoni. Huyo ana sheria yake peke yake, ya mwaka 1992, na pango lake halisogelewi.

Shimo moja kubwa kwenye tuta, udongo umerushwa nyuma, miche imelala ubavu: umeweka mbolea ya unga wa mifupa au ya damu na samaki. Kwa pua ya mbweha, tuta lile lina mzoga uliozikwa. Atachimba, asiupate, na kesho atarudi kuchimba zaidi kwa sababu harufu bado ipo. Na sisi tuna kosa letu la nyumbani tulilohama nalo: kufukia matumbo na vichwa vya samaki chini ya mchicha na maboga. Ni mbolea nzuri, bibi zetu walijua. Lakini katika mji wenye mbweha hata ukifukia kwenda chini kiasi cha mkono mzima umemwandalia mtu chakula. Hamia kwenye mboji iliyooza vizuri au samadi ya mifuko, kisha lalisha wavu wa waya juu ya tuta na uubane kwa vigingi mpaka miche ishike mizizi. Mbweha hapendi kukanyaga waya.

Ukifukua chungu cha maua ukakuta yai zima, kipande cha kuku wa kukaanga au nusu mkate, jua kuna jirani anayewalisha. Mbweha akishiba haachi chakula, hukizika kwa ajili ya baadaye, na udongo laini wa vyungu vyako ndio rahisi kuchimbika. Tatizo hilo halitatuliki uani kwako, linatatuliwa kwa mazungumzo kwenye uzio.

Kinyesi mlangoni, na harufu

Kinyesi cha mbweha ni cheusi au kijivu, kimechongoka upande mmoja, mara nyingi kina manyoya, vipande vya mifupa au mbegu za matunda. Harufu yake ni kali, ya kukwama puani, tofauti na ya mbwa. Mahali kilipo ndipo penye habari: huwekwa juu ya kitu. Juu ya jiwe, juu ya mpira wa mtoto, juu ya kiatu, katikati ya kizingiti. Hajafanya dharau, ameweka alama ya eneo, na kitu kipya chenye harufu ngeni ndicho kinachostahili alama. Ndiyo maana ukipeleka glavu mpya za bustani nje, asubuhi inayofuata zimeshapata muhuri.

Kiokote siku hiyo hiyo kwa mfuko, ukivaa glavu. Mbweha hubeba minyoo ile ile ya mbwa, na mayai yake hayaambukizi papo hapo, huhitaji wiki kadhaa kukomaa kwenye udongo. Yakishakomaa hukaa humo kwa miaka. Kuokota mapema ndiyo kinga yenyewe. Sanduku la mchanga la watoto lifunikwe kila jioni. Mkojo wake unaweza kuwa na bakteria wa ugonjwa ambao Tanzania iliujua kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022, ingawa hapa Uingereza panya na maji ya mito na mifereji ndiyo mambo ya kuhofia zaidi. Osha mikono, osha mboga, vaa viatu bustanini. Habari za twahara ya kiatu kilichonajisiwa muulize shehe wako, mimi naishia kwenye minyoo.

Mahali palipochafuliwa osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya, ile iliyoandikwa "bio". Vinavyonuka amonia viache, maana mkojo wenyewe unanuka hivyo, na utakuwa umemwalika aje kujibu.

Walioko Ujerumani na Uswisi waongeze tahadhari moja: huko mbweha hubeba tegu mdogo anayeweza kuharibu ini la binadamu baada ya miaka mingi, na mayai yake hutoka na kinyesi. Uingereza tegu huyo hayupo, na ndiyo sababu mbwa anayeletwa kutoka nje lazima apewe dawa ya tegu kabla ya kuingia.

Mbwa wako akijiviringisha kwenye kinyesi hicho, mwogeshe mara mbili. Mwulize pia daktari wa mifugo kuhusu minyoo ya mapafu, ambayo huzunguka kati ya mbweha, konokono na mbwa.

Kiatu kimoja kimepotea

Tuchukue Idi Kubwa iliyoangukia Juni, kama ile ya mwaka 2024. Wageni wamejaa sebuleni, na nje ya mlango wa nyuma viatu vimepangwa: makubadhi ya baba mkubwa, kandambili za watoto, kiatu cha ngozi cha mgeni aliyetoka Birmingham. Jua linachelewa kuzama. Mbweha mchanga anatokea juu ya uzio, anatembea kwenye ubao mwembamba wa juu bila kuyumba, anashuka kwa miguu ya mbele, ananusa kimoja, ananusa cha pili, anachagua cha ngozi, anakishika kwa kisigino na kuondoka bila haraka. Mgeni anarudi Birmingham na kiatu kimoja na kandambili ya kuazima.

Juni ni mwezi wa watoto wa mbweha kucheza, na kiatu kina kila kitu: jasho, chumvi, ngozi ya kutafuna. Hawaibi kwa njaa. Mwaka 2020 huko Zehlendorf, Berlin, mbweha mmoja alikutwa na viatu zaidi ya 100 alivyokusanya mtaani, vingi vikiwa vya plastiki na vya mazoezi. Mpira wa maji uliotobolewa, mto wa kiti cha nje uliochanwa, mpira wa miguu uliopasuka, vyote ni kesi moja.

Kabati la viatu lenye mlango, ndani ya kizingiti, linamaliza tatizo jioni hiyo hiyo. Kiatu kilichopotea kitafute kwanza chini ya vichaka, ndani ya nyua mbili tatu za jirani. Mara nyingi hakifiki mbali.

Mfuko wa taka umechanwa

Pipa la magurudumu lenye kifuniko kilichofungika mbweha hulishindwa karibu kila mara. Kinachochanwa ni mfuko uliowekwa chini kando ya pipa lililojaa. Taka za chakula ziende kwenye ndoo yenye mkono wa kufungia, na mkono huo uwe umevutwa mbele kwenye alama ya kufunga. Wengi huuacha nyuma, kifuniko kinafunguka kikisukumwa na pua. Mifupa ya mbuzi na maganda ya kamba yafungie kwenye friza mpaka asubuhi ya gari la taka. Nyama choma ikiisha, kwangua wavu wa jiko na usiache sufuria ya mafuta nje.

Amehamia chini ya kibanda

Kibanda cha vifaa kilichokaa juu ya mbao, au sakafu ya mbao iliyoinuliwa nje ya mlango, ni nyumba tayari: pakavu, pana giza, hapana mbwa. Dalili ni tundu la upana wa sentimita 20 hivi ubavuni, udongo mpya mbele yake, harufu, na baadaye mabaki ya mabawa na mifupa.

Ikiwa ni Machi hadi Juni, usizibe. Watoto huzaliwa vipofu na viziwi, na wiki mbili za kwanza mama hutoka kwa nadra. Ukifunga tundu umezika familia hai, na hilo ni kosa la jinai hapa. Sheria ya mwaka 1996 inawalinda wanyama wa porini dhidi ya mateso ya makusudi, na ya mwaka 2006 inamlinda mnyama aliye mikononi mwa binadamu, kama aliyetegwa. Ukiweza kuvumilia, vumilia mpaka watoto wahame, maana kuanzia wiki ya 8 hadi ya 10 huwa wanalala zaidi juu ya ardhi kuliko shimoni. Usipoweza, mkere mama kwa upole: redio yenye mazungumzo karibu na tundu, kupitapita pale mara kwa mara, dawa ya kufukuza iliyoidhinishwa ukiinyunyiza mlangoni. Huwa na pango la akiba, na anaweza kuhamisha watoto mmoja mmoja kwa mdomo usiku mmoja. Mwachie njia na mwachie giza.

Kufunga ni kazi ya Septemba na Oktoba. Kwanza hakikisha hakuna mtu ndani: sokota magazeti, yajaze tundu kwa ulegevu, tazama kila asubuhi. Yakisukumwa nje, bado anaishi. Yakikaa bila kuguswa siku kadhaa mfululizo, funga. Wavu uwe wa waya uliochomelewa, ushuke ardhini sentimita 30 kuzunguka kibanda chote, kisha ukunjwe kuelekea nje sentimita 30 nyingine, ufukiwe. Mbweha huchimba akianzia ukutani, hakumbuki kurudi nyuma hatua moja. Mtu akifunga upande wa mbele tu amefanya kazi ya bure, kwa sababu mbweha hupenya upenyo wa sentimita 12.

Uzio peke yake usiutegemee. Wa mita 2 anaupanda.

Banda la kuku, asubuhi

Hii ndiyo inayouma zaidi. Unafungua mlango, manyoya yametanda, kuku sita wamelala na mmoja hayupo. Watu husema mbweha ni katili, anaua kwa raha. Kinachotokea ni kwamba porini ndege wakishtuka huruka, mwindaji hubaki na mmoja. Bandani hawana pa kurukia, wanapiga mabawa mbele ya uso wake, naye silika ya kukamata haizimiki. Angepewa muda angerudi kuwabeba wote mmoja mmoja na kuwazika. Hapewi, kwa sababu wewe umeamka.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja kati ya vitatu. Cha kwanza ni wavu wa kuku wa matundu ya pembe sita, ule mwepesi. Huo umetengenezwa kumzuia kuku asitoke, haukutengenezwa kumzuia mbweha asiingie, huung'ata ukakatika. Badilisha uweke wa kuchomelewa, matundu yasizidi sentimita 2.5. Cha pili ni komeo la kuzungusha, la kipande cha mbao na msumari. Mbweha hulisukuma kwa pua mpaka lizunguke. Weka komeo la chuma la kusukuma, na kufuli juu yake. Cha tatu ni saa: mwenye kuku alichelewa kufunga jioni, mara moja tu. Mlango wa kujifunga wenyewe kwa kipima mwanga unafaa sana hapa, maana Desemba giza linaingia kabla hujatoka kazini.

Banda liwe na paa la wavu, na chini liwe na ile sketi ya wavu niliyoieleza kwenye kibanda. Usijidanganye na mchana pia. Mei, mama mwenye watoto wanne huwinda saa 5 asubuhi kweupe. Sungura na simbilisi hesabu yao ni moja na kuku. Paka mkubwa na mbweha kwa kawaida hupishana kila mtu na njia yake, ila mtoto wa paka asilale nje.

Jambo la pembeni ambalo wengi wetu hawalijui: tangu 1 Oktoba 2024, England na Wales, hata ukifuga kuku mmoja uani unatakiwa umsajili serikalini, kwa sababu ya mafua ya ndege. Scotland walitangulia mwezi mmoja. Soma na mkataba wako wa nyumba, mwenye nyumba anaweza kuwa amekataza kuku.

Amenyonyoka manyoya, anajikuna

Manyoya yameanza kutoka kwenye shina la mkia na mapajani, ngozi imekuwa na magamba ya kijivu, mkia umebaki ufito. Huo ni upele wa utitiri. Ulipoingia Bristol mwaka 1994 ulifyeka zaidi ya asilimia 95 ya mbweha wa mji ule ndani ya miaka miwili hivi, kwa hiyo si jambo dogo kwao. Mbwa wako anaweza kuupata kwa kulala palipolala mbweha, na daktari wa mifugo anautibu vizuri. Binadamu akiambukizwa huwashwa kwa muda, kisha hupona utitiri huo ukishindwa kuzaliana kwake.

Usinunue dawa ya ng'ombe mtandaoni ukaichovya kwenye mkate. Huna hakika nani atakula, na dawa zinazoua utitiri zinaweza kumwua mbwa wa aina ya kolii kwa kipimo ambacho mbwa mwingine hakimdhuru. Yale matone ya tiba mbadala yanayotumwa bure kwa posta mimi nayaona ni maji matupu. Piga picha, wasiliana na RSPCA, shirika la kutetea wanyama, au shirika la kuokoa mbweha la eneo lako; kwa kusini mashariki mwa London na Kent lipo The Fox Project. Wana mitego ya kumkamata bila kumwumiza na daktari wa kuandika dawa.

Mbweha mwenye afya anayeota jua juu ya paa la kibanda saa 7 mchana si mgonjwa. Anaota jua.

Haondoki hata ukimkemea

Mbweha wa kawaida hukutazama, hupima, huondoka. Anayekufuata, anayegonga mlango wa kioo, anayevuta begi la soko mkononi, amefundishwa: kuna mtu anamlisha kwa mkono. Sina ugomvi na wanaowawekea chakula kidogo chini, mbali na nyumba, na kuondoa mabaki. Wa kumlisha mkononi anamfanya mnyama aamini kila mkono una nyama, na mkono unaofuata unaweza kuwa wa mtoto wa jirani.

Kuumwa na mbweha ni nadra mno, kiasi kwamba matukio mawili ya London bado yanatajwa: pacha wachanga waliong'atwa chumbani Hackney Juni 2010, na kitoto cha Bromley mwaka 2013. Milango ya bustani iliyoachwa wazi jioni za joto ndiyo njia, na kilango cha paka nacho. Funga vyote giza likianza, hasa mtoto mchanga akiwa amelala chini. Ukimkuta ndani, usimzingire. Funga milango ya vyumba, fungua wa nje wazi kabisa, simama kando.

Kwa uani, kinyunyizio cha maji chenye kihisi mwendo hufanya kazi kuliko vifaa vya mlio usiosikika, ambavyo mbweha wengi huvizoea. Kihamishe mahali kila wiki. Acha pia kumwonea haya: piga makofi, mfuate hatua tatu, na wote nyumbani mfanye hivyo. Mtu mmoja akimrushia kipande cha nyama mmerudi mwanzo.

Kuhusu kichaa cha mbwa, ambacho ndicho cha kwanza sisi tunachokiogopa, na kwa haki: Uingereza ilikitokomeza kwa wanyama wa nchi kavu mwaka 1922, na virusi vya jamii hiyo vimebaki kwa popo tu. Hata hivyo akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nenda ukaangaliwe habari ya pepopunda na usaha. Hili usilibebe ukienda kwingine. Oman mbweha ndiye mbebaji mkuu wa kichaa cha mbwa, na Afrika Mashariki mbwa na bweha wanacho. Huko kung'atwa ni chanjo siku hiyo hiyo, bila mjadala.

Ulichoambiwa na jirani

Dizeli, naftalini, krisoti, pilipili ya unga iliyochanganywa na sabuni: kutumia kitu ambacho hakikuidhinishwa kufukuza wanyama ni kosa kisheria, na dizeli itakuulia bustani kabla ya kumkera mbweha. Zilizoidhinishwa huandikwa hivyo kwenye boksi. Moja ya kawaida ina chumvi ya alumini inayofanana na shabu, nayo hujifanya alama ya mbweha mgeni. Inataka kurudiwa kila siku kwa wiki mbili hivi, na baada ya kila mvua. Sumu ni jela. Kumtega na kwenda kumwachia shambani Essex ni kumtupa kwenye eneo la wenzake wasiomjua, bila chakula, na sheria inaweza kukuita mtesaji.

Mtoto wa mbweha aliye peke yake mchana, macho wazi, anachechemea kidogo tu: mwache, mama yuko karibu na atarudi giza likiingia. Macho yakiwa bado yamefumba, au kuna damu au inzi juu yake, mfunike taulo, mwingize kwenye boksi la karatasi kwa glavu nene, piga RSPCA, au Scottish SPCA ukiwa Scotland. Mkubwa aliyejeruhiwa usimshike.

Aliyekufa barabarani huchukuliwa na kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, ukiwajulisha. Aliyefia ndani ya uzio wako ni wako: mifuko miwili, glavu, na uulize kaunsili kabla ya kumweka kwenye pipa, maana kila eneo lina utaratibu wake.